Nungu Sita kwenye Friji

Fundi cherehani alikuwa na ulafi mmoja tu, na nyumbani kwake hakuna aliyeuelewa: nungu wa baharini, wale viumbe wa duara wenye miiba myeusi, ambao ukiwapasua unakuta ndimi tano za rangi ya chungwa, laini kama siagi, za kuliwa mbichi. Jumamosi hiyo asubuhi alikwenda kwa muuza samaki wake.

"Wametoka majini leo hii," muuza samaki alimwambia. "Gusa miiba. Ikijongea, mzima. Ikilala tu, mwache hapo hapo."

Akachagua sita. Wakapangwa kwenye boksi la barafu.

"Usiwaoshe kwa maji ya bomba, dada, wala usiwagandishe. Rafu ya chini, nyuma kabisa, kitambaa kibichi juu. Uwale leo leo. Ukipasua ukakuta harufu kali, tupa."

Aliwaweka hivyo hivyo, kwenye sinia, akarudi sebuleni kumalizia gauni la mteja.

Mdogo wa mumewe aliamka karibu na saa sita. Huyu shemeji alikuja kukaa wiki moja, sasa mwaka wa tatu. Alikwisha kumpiga fundi mara mbili. Mara zote mume alisema, "Mvumilie, alikuwa amelewa," na fundi akawaambia wateja kwamba aliteleza bafuni.

Fundi akasikia sinia likianguka. Alipofika jikoni, nungu wanne walikuwa wamepasuka sakafuni, mmoja ametupwa mezani, na shemeji alikuwa akipanga chupa zake za bia kwenye rafu yao.

"Takataka gani hizi?"

"Toa chupa zako, shemeji."

"Kwenye friji ya kaka yangu?"

"Friji nimenunua mimi."

Kofi lilimpata sikioni, kichwa kikalia kama kengele. Kabla hajajishika, shemeji alimkamata nywele akamgandamiza uso kwenye meza, akamsugua kama mtu anayefua. Fundi akaonja damu. Mkono wake ulipapasa, ukagusa nungu yule aliyetupwa mezani. Akamshika na miiba yake ikimchoma, akamkandamiza kwenye shavu la shemeji kwa nguvu zake zote.

Shemeji alipiga ukelele, akamwachia, kisha akampiga teke la tumbo. Fundi alikuwa chini hajapata pumzi mume alipoingia kutoka kwenye zamu yake ya kusambaza mikate.

"Kaka, mkeo kichaa. Niangalie uso."

Fundi alisubiri neno lile lile, mvumilie. Halikuja. Mume aliweka funguo mezani taratibu, akamkamata mdogo wake shingoni, akamgongesha kichwa kwenye mlango wa friji. Akarudia. Jino likaruka. Mdogo mtu hakujikinga tena, lakini ngumi ziliendelea kushuka, na mume alikuwa analia huku akipiga.

Kwa miaka mitatu fundi alikuwa ameiombea siku hii. Sasa alijikokota kuinuka.

"Basi, utamuua."

Akamdaka mkono. Mume akajinasua bila kutazama, kiwiko kikampasua fundi mdomo. Hapo ndipo alipogeuka, akaona alichofanya, akamwachia mdogo wake.

Jirani aliyesikia kelele alimpeleka shemeji hospitali, taya limevunjika. Mume alikwenda naye, akarudi jioni peke yake.

"Hatakanyaga hapa tena," alisema.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya friji. Nungu mmoja tu ndiye aliyebaki mzima, alibiringika nyuma kabisa ya rafu sinia lilipovutwa. Alimpasua kwa mkasi wa jikoni, akala ndimi zote tano kwa kijiko. Chumvi iliuwasha mdomo wake uliopasuka, lakini hakuacha.

"Leo nimepigwa na ndugu wawili," alisema alipomaliza.

"Sikukusudia."

"Najua. Miaka mitatu yote pia hukukusudia. Nenda kwa mama yako. Nikikutaka nitakuita."

Mume alichukua koti, akatoka.

Fundi alifunga mlango kwa komeo, akawasha taa ya cherehani, akachagua sindano nyembamba kuliko zote, akaanza kuchokoa miiba kiganjani, mmoja baada ya mwingine.