Faili ni Zima

Ofisini walimwita Bi Hakiki, na jina lilimkaa. Miaka tisa kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba faili zinazotumwa zimefika bila pengo. Wateja walimchosha kwa kosa lile lile. Mtu akipakua faili mara mbili akaona namba mbili tofauti, huyo, mbio kulalamika kwamba katumiwa vitu viwili. Naye hujibu, "Namba ya kupakua ni tiketi tu, kila safari na yake. Faili utalijua kwa alama yake ya kidole." Alama yenyewe ni mstari wa herufi na tarakimu sitini na nne; ukigusa chochote ndani ya faili, mstari wote unageuka.

Lakini mganga hajigangi. Wiki tatu baada ya kumzika mdogo wake, watu wa karakana alikokuwa akifanya kazi walimtumia kiungo: marehemu aliacha ujumbe wa sauti. Ndugu hao hawakusemezana miaka miwili, eti kwa kugombea kabati la baba. Bi Hakiki alitaka kujua jambo moja tu, kama alisamehewa. Akavaa visikilizio.

"Dada, mimi si mtu wa kununa, unanijua. Nilitaka kukwambia kwamba..."

Kisha kimya, sekunde arobaini, hadi mwisho.

Hakulia. Alipakua tena. Ikaja namba nyingine, akaongeza sauti. Akasikiliza: "kwamba...", kisha kimya. Akapakua mara ya tatu, akamwita fundi wa meza ya pili.

"Tazama, namba hazifanani. Huenda limekatika njiani."

Fundi alimtazama kwa huruma. "Dada, hiyo si ndiyo tiketi?"

Bi Hakiki akaitoa alama ya faili, akailinganisha na ile iliyokuja na kiungo cha karakana, herufi kwa herufi, kidole kwenye kioo. Zote sitini na nne zilikubaliana. Hakuna kilichopotea njiani; aliyoyasema mdogo wake ndiyo hayo. Hakusikia uchungu wala nafuu. Alisikia baridi ya kioo kidoleni, basi.

Simu ikaita. Alikuwa mama yao, aliyeshinda akisubiri, na masikio yake siku hizi ni ya kubahatisha.

"Umeusikia ujumbe wake? Umefika wote?"

"Umefika wote, mama. Faili ni zima."

Mama aliibana simu sikioni.

"Mzima? Nani mzima?"

"Faili, mama," akasema. "Faili tu."