Sauti Aliyoizima Masikio

Masikio jina hilo alijipa mwenyewe, na hapo ndipo ujue mtu ana matatizo, maana jina la utani hupewa na wenzio. Alikuwa fundi wa sauti wa ukumbi, mwaka wa kumi na moja huu nyuma ya meza yenye vitufe vingi kuliko meno ya mamba, na kila aliyepita aliambiwa kwamba Masikio humsikia mbu akipiga chafya chumba cha pili. Haya, tulimwacha ajisifu.

Bendi ile ya banjo aliipenda kupita kiasi. Banjo nne, ngoma moja, filimbi moja, basi. Huanza na rumba, wakaikunja ikawa jazi, wakapenyeza wimbo wa kanisani katikati, na kabla hujajijua umeshasimama unacheza. Kwa hiyo ziliposikika habari kwamba wanakuja kupiga pale Jumapili alasiri, na kwamba fundi wao wenyewe kavunjika mkono, Masikio nusura alie kwa furaha. Kiongozi wao, mzee mwembamba ambaye watu humwita Vidole, alimpigia simu. "Ukitufaa Jumapili, kijana wangu," alisema, "tutazunguka nawe mwaka mzima." Wiki nzima Masikio hakula akashiba.

Asubuhi ya siku yenyewe walifanya majaribio. Vidole akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaanza kuzidonoa nyuzi, na Masikio akasahau kilichomleta kazini. Vidole vile, jamani! Huvioni, unasikia tu kazi yake. Wakati huohuo dada mkubwa wa Vidole, mpiga filimbi, mama aliyetoka kuugua kifua miezi minane, akashuka jukwaani taratibu akaja mpaka mezani.

"Mwanangu, wimbo wa nne naanza peke yangu," alisema. "Ni sauti moja tu, nyembamba, ya juu, naivuta mpaka pumzi iishe. Itakuchoma kidogo. Usishtuke."

"Sawa mama, usiwe na wasiwasi," alijibu Masikio, macho yote kwenye banjo. Alichosikia ni "mwanangu" tu. Na anajiita Masikio!

Alasiri ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa ngazini. Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda kama maji. Ya nne, taa zikapunguzwa, na ikaja sauti nyembamba, ya juu, iliyonyooka.

Sasa, kila fundi wa sauti ana adui mmoja: ule mlio wa spika kupiga yowe, pale kipaza sauti kinapojisikia chenyewe. Mlio ukitokea, mkono hauombi ruhusa kwa kichwa. Masikio alitupa jicho mezani, akaona unatokea kwenye kipaza sauti namba sita, akakizima. Kimya. Akaangaza huku na huku kama aliyezima moto, akitafuta mtu wa kumpongeza.

Jukwaani yule mama alikuwa bado anapuliza. Mashavu yalionekana yakijaa, lakini banjo zilishaanza kuingia chini yake, na sauti yake haikufika hata safu ya pili. Akaiinamia spika ya miguuni pake ajisikie. Hakujisikia. Akapuliza kwa nguvu zaidi, kifua kikakataa, akakohoa, akakohoa tena, kisha akaishusha filimbi mapajani. Ndipo Masikio alipoitazama ile taa ya namba sita, akatambua kuwa hicho ni kipaza sauti cha filimbi.

Alikiwasha tena polepole, kwa kidole kimoja, mtu asione. Huo ndio ushujaa wake wa siku ile.

Wakati wa mapumziko alikwenda nyuma ya jukwaa kusema ukweli. Nasema alikwenda kusema, tusimwonee. Alimkuta mama analia, na Vidole amepiga magoti mbele yake.

"Dada, daktari alisema twende polepole."

"Daktari alisema nijaribu. Nimejaribu, pumzi imekwisha. Mimi na filimbi basi." Akainua macho, akamwona Masikio mlangoni. "Njoo, baba. Mungu akubariki. Uliona naharibu, ukanizima kabla watu hawajasikia. Umenistiri."

Vidole akasimama, akaukamata mkono wa Masikio kwa mikono yote miwili. "Wewe ni mtu. Mwaka mzima ni wako."

Na Masikio, aliyekuja na ukweli umejaa mdomoni, akasema, "Si kitu, mama."

Si kitu! Ulimi hauna mfupa, lakini jamani.

Kipindi cha pili banjo zilipigwa tamu, na kiti cha filimbi kilikuwa kitupu. Masikio alitokwa na jasho hadi kwenye vitufe. Kabla ya wimbo wa mwisho Vidole akasogea mbele. "Dada yangu leo ameaga muziki," alisema. "Mpigieni makofi." Yule mama akatokea pembeni ya jukwaa, akainamisha kichwa, na ukumbi mzima ukasimama.

Mezani kwa Masikio kulikuwa na kipaza sauti cha matangazo. Akakiwasha.

"Samahanini," alisema, na sauti ikasikika ukumbi mzima. "Mama hakushindwa. Pumzi yake ni nzima. Mimi ndiye niliyemzima. Nilidhani ni spika inapiga yowe."

Makofi yakafa. Watu mia nne wakageuza shingo. Yule mama akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Na kule ndani, nilipokuwa nakushukuru, ulikuwa unajua?"

Angeweza kudanganya. Alitamani sana kudanganya.

"Nilikuwa najua, mama."

"Uliniona nalia."

"Nilikuona."

Mama hakumtukana. Afadhali angetukana. "Washa namba sita," alisema, "kisha toka hapo mezani."

Masikio akawasha, akatoka, akasimama ukutani mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Vidole hakumtazama tena siku ile, wala siku nyingine. Mama akaketi, akaipuliza ile sauti moja, ikanyooka, ikapita juu ya vichwa vya watu wote hadi ukutani pale aliposimama, na ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kukisikia, naye alishindwa kuinua macho.