Kidole cha Mzee Garside

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Uingereza, katika chumba kilicho juu ya baa, namsikiliza Mzee Hedley Garside. Ni yule mwimbaji wa nyimbo za kijadi ambaye sahani zake za santuri zimejaa rafu nzima nyumbani kwetu. Nyimbo huzitunga mwenyewe, ila ukizisikia utadhani zilitungwa na babu yake. Wasikilizaji wote wamevaa masweta. Meza nazo zimevaa masweta. Nikaona ni jambo la busara, maana kulikuwa na baridi.

Mzee amefumba macho na kutia kidole sikioni, kama wafanyavyo wakongwe wa fani hiyo ili wasitoke nje ya sauti. Anaimba wimbo wake mashuhuri, ule wa Jethro, kijana wa kiwanda cha nguo anayembishia hodi mchumba wake huku mvua inanyesha. Anabisha ubeti wa kwanza, anabisha wa pili, wimbo unakwisha.

Watu wanapiga makofi. Nyuma yangu mtu anapiga chafya.

Nageuka. Ni Jethro mwenyewe, amelowa chapachapa, amekumbatia jibini ya kumpelekea mama mkwe.

"Pole, ndugu yangu," nikamwambia. "Hujafunguliwa tu?"

"Tangu wimbo uliporekodiwa. Jibini imeota ndevu, mimi bado."

"Kwani mchumba hakusikii?"

"Ananisikia sana. Lakini anafungua kwenye ubeti wa tatu."

Gita likakohoa. "Mimi nilikuwepo studio," likasema. "Upande wa sahani ulikuwa umejaa. Wakaukata ubeti wa tatu, tukaenda kula."

Roho iliniuma. Kijana wa watu! Na sisi miaka yote tunamsikiliza tukiwa pakavu, tunasema wimbo mtamu.

Nikamwendea mwimbaji. "Shikamoo, Mzee Garside. Tunaomba ubeti wa tatu, kuna mtu analowa."

"Marahaba. Ubeti huo ungekuwepo ningeuimba. Nimeutafuta kwenye makoti yote."

Ndipo nikasikia sauti nyembamba ikinung'unika. Ilitoka sikioni mwake, nyuma ya kidole.

Nikamwambia, "Mzee, ubeti umo humo. Umeuziba mwenyewe."

"Nikitoa kidole nitatoka nje ya sauti," akasema taratibu. "Maisha yangu yote sijatoka. Ndicho kitu pekee wanachonisifia magazetini."

Mara hatuko ukumbini tena. Tuko juu ya sahani yenyewe, kwenye njia nyeusi nyembamba inayozunguka. Mvua inamwagika, na kila tukizunguka tunaupita mlango uleule. Jethro anabisha. Nyuma yetu inakuja sindano ya santuri, kubwa kama nguzo ya umeme.

"Ikitupita wimbo umekwisha," Jethro ananiambia, "naanza upya kubisha."

"Mzee!" napiga kelele. "Wewe una sweta, mwenzio ana jibini tu!"

Mzee anamtazama Jethro, anaitazama sindano. Kisha anachomoa kidole.

Ubeti unadondoka, umekunjamana na umekasirika. Mzee anauokota na kuuimba. Anaimba vibaya, jamani! Sauti inapanda pasipopandwa, inateleza, inaanguka. Gita linajifanya halimjui. Lakini anaimba, machozi yanamtoka, mpaka neno la mwisho.

Komeo linalia. Mchumba wake, sasa mwanamke mwenye mvi, anachungulia.

"Ingia basi," anamwambia Jethro. "Jibini hiyo iache nje."

Jethro anaingia. Nilifurahi hadi nikalia mimi pia.

Nikaamshwa na santuri. Mke wangu, Mwanaidi, huiwasha asubuhi akisukuma chapati. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, unga mikononi, amekunja uso.

"Baba Salma, hii sahani imepatwa na nini? Mzee wa watu siku zote anaimba vizuri, leo mwishoni kaharibu kabisa. Niitoe?"

Nikamwomba airudishe mwanzo, tuisikilize wote.