Kiti Kilichovishwa Mara Mbili

Wembe ulipita chini ya mshono wa mwisho, kava nyeusi ikaachia, na chini yake Mashoto akakuta kava nyingine.

Alitabasamu kwanza. Katika kazi ya kushona viti vya magari, ujanja huo ni wa zamani: fundi mvivu hakivui kiti, hukivika nguo mpya juu ya kuukuu. Kisha tabasamu likamkauka. Kava ya ndani ilikuwa ya kijivu, na mishono yake ya mkono ililalia upande usio wa kawaida, kama majani yaliyopigwa na upepo mmoja. Mishono hulala hivyo pale tu mshonaji anapotumia mkono wa kushoto, na jina la Mashoto hawakumpa bure.

Alipapasa egemeo, mahali kiuno kinapokaa. Takia lilikuwepo. Dogo, la sponji, limeshonewa kwa ndani. Alimtilia kaka yake, ambaye mgongo ulikuwa ukimtesa katika kila safari ndefu, na hakuwahi kumtilia mtu mwingine.

Lakini gari la kaka lilikuwa la buluu. Hili lililosimama mbele ya kibanda chake lilikuwa jeupe pe, namba zake nyingine, mlango wa dereva mwingine.

Mwenyewe alilileta asubuhi: mwashi kijana, vumbi la saruji bado limo nyusini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu anaumwa nini?"

"Harufu. Mvua ikinyesha, kiti cha dereva kinanuka kama sarafu iliyofumbatwa na mkono wa jasho. Nimekiosha, nimekianika, wapi! Na leo mke wangu anaruhusiwa kutoka hospitali na mtoto. Nataka mwanangu aanze dunia kwa hewa nzuri." Akacheka. "Ila hapo kiunoni usipaguse. Kiti hiki kinanikumbatia."

"Ulilinunua kwa nani?"

"Kwa jirani yako, Daktari. Tena niliulizia historia yake kwanza, mimi si wa juzi. Safi! Halijapata ajali, halijadaiwa bima hata mara moja."

Asubuhi ile Mashoto alikuwa ameitikia tu kwa kichwa. Sasa, wembe mkononi, neno lile lilimrudia: kinanikumbatia. Kaka alikuwa akilisema vilevile, akijinyoosha kama paka.

Baada ya ajali iliyomuua kaka, mkaguzi wa bima alilizunguka gari la buluu, akamgeukia wifi yake Mashoto. "Mama, hili tumelifuta. Kulitengeneza kunashinda thamani yake, na mifupa yake imepinda. Tutakulipa fidia, mabaki yatabaki kwetu, yauzwe kama vipuri. Halitarudi barabarani."

Wifi hakuuliza habari ya fidia. Aliuliza, "Kwa hiyo sitakutana nalo?"

"Hutakutana nalo."

Mashoto aliuvuta mkanda wa usalama kutoka kwenye nguzo ya mlango. Polepole, kwa sababu tayari alijua anatafuta nini. Siku ya ajali waokoaji waliukata ili kumtoa kaka. Nyuma ya bega, mahali ambapo dereva hapaoni, ncha mbili zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine na kushonwa. Aliugusa uzi. Ulikuwa uzi wa kushonea suruali. Alijua uzi wa namna hiyo hubeba nini, na hushindwa na nini.

"Mashoto! Umejikalia kwenye gari la watu kama bibi harusi!"

Alikuwa Daktari, fundi wa bodi wa kibanda cha pili, aliyepewa jina hilo kwa kufufua magari yaliyokatiwa tamaa. Akaja akicheka, akaiona kava ya kijivu, kicheko kikakatika.

"Ulilipata wapi?" Mashoto aliuliza.

"Mnadani. Bima waliuza mabaki, nikanunua. Halali kabisa."

"Kununua mabaki ni halali. Na kuyaita gari zima?"

"Niliyapa namba za gari jingine lililooza tu, ambalo historia yake haina doa. Kila mtu hufanya. Wewe shona, dada yangu, funika ulivyokuta. Gari si mtu, halina mzimu."

"Ni la kaka."

Daktari alivua kofia. Aliishika mbele ya tumbo, akiizungusha. "Naapa sikujua ni la nani."

"Ungejua ungefanyaje?"

Sauti ya Daktari ikawa ya kubembeleza. "Ukimwambia, atabaki na nini? Hataweza kuliuza. Bima wakijua, hawatamlipa hata likiungua mbele ya macho yao. Kijana kaweka jasho lake lote humo. Leo kapata mtoto, wewe unataka kumpa habari za maiti?"

"Mrudishie chake."

"Kimeshaliwa," alisema Daktari, akaondoka akiwa bado hajaivaa kofia.

Kava mpya ilikuwa tayari mezani, imekatwa vizuri. Ingekaa bila kunyanzi. Mashoto aliketi kwenye kiti kilicho uchi, na takia likamsukuma kiunoni, kwa upole, kama mkono wa mtu anayemwambia sogea kidogo. Hakugeuka. Kando yake mkanda ukajirudisha nguzoni wenyewe, taratibu, kama mtu avutaye pumzi.

Jua lilikuwa limepita utosini mwashi aliporudi, shuka dogo jipya limekunjwa kwapani.

"Mama, tayari?" Akakiona kiti. "Ah! Bado kabisa?"

"Mkeo anakungoja wapi?"

"Hospitali, getini."

"Mpigie simu. Mwambie utamfuata kwa teksi."

"Teksi? Na gari hili ni pambo?"

Mashoto aliuvuta mkanda hadi mahali pale. Akapitisha wembe chini ya uzi na kufumua mshono mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akaacha mmoja. Akamkabidhi.

"Vuta."

Mwashi alivuta kidogo tu, kama mtu anayejaribu kidole cha mtoto mchanga. Mkanda uliachana. Kipande kimoja kilirudi nguzoni kwa mlio mfupi, kingine kikabaki kikining'inia mkononi mwake. Alikitazama. Akaitazama kava ya kijivu, na bonde lililochimbwa na mgongo uliokuwa mpana kuliko wake.

"Mama," alisema chinichini, "hapa alikuwa akikaa nani?"

Mashoto alikwenda kuketi kwenye benchi la kibanda. Kisha akasogea hadi ukingoni, akaacha nafasi ya watu wawili: ya kijana, na ya kaka.