Faili la Chaha

Saa nne asubuhi, Ijumaa, majaribio ya programu yalishindwa tena. Yakiendeshwa moja baada ya jingine, yote yalipita. Yakiendeshwa manane kwa pamoja, mawili yalianguka, na kila mara yalikuwa mawili tofauti.

Mrunal Kelkar alikuwa amechoka hata kukasirika. Bosi alishamwambia kwamba yasipopita kwa pamoja kufikia jioni, atarudi ofisini Jumapili, ya tatu mfululizo. Jumapili hiyo mdogo wake alikuwa anavishwa pete kule Satara.

“Labda mashine imetuchoka, dada,” alisema Vighnesh wa meza ya pili, akimsogezea glasi ya chai.

“Mashine haichoki, bwana. Jaribio lako linaandika wapi?”

“Kwenye faili la muda tu. Nililiita chaha, kama hiyo unayokunywa.”

Mrunal aliweka glasi chini. “Na langu nililiita chaha.”

Alilitafuta jina hilo, likatokea katika majaribio kumi na moja. Pale Pune, ambako chai huitwa chaha, kila aliyekosa jina la kitu cha kutupwa aliandika chaha. Jaribio moja lilikuwa likifuta faili ambalo jingine bado linalisoma.

“Kumbe ofisi nzima tunanywea glasi moja,” Vighnesh alisema.

“Na wewe ndiye unayeimwaga. Badilisha lako.”

Walilipatia kila jaribio faili lenye jina lake. Mrunal akayaendesha manane manane, yakapita. Akarudia, yakapita. Kisha akakata tiketi ya basi la Satara.