Makaa ya Waithira

Tangu Waithira anunue kipande cha shamba lililoachwa na mzungu huko Kapseret, alikuwa hajawahi kuonja maziwa yake mwenyewe. Kila alfajiri Kipyego, muuza maziwa, alimmiminia kwenye kibuyu mlangoni, naye akirudi kutoka kupalilia alikuta kibuyu kikavu. Jirani yake, Mzee Kimeli, aliyeombwa kuutupia mlango jicho, aliapa hajaona hata panya.

Waithira alifura kwa hasira. Basi mwizi atakunywa masizi. Alisaga makaa akayapaka ndani ya kibuyu mpaka kikawa cheusi tii. Kwao Kiambu, maziwa ya namna hiyo hata mbwa angeyasusa.

Kesho yake kibuyu kilikuwa kitupu tena, tena kimeoshwa. Jioni Mzee Kimeli akabisha hodi, amebeba kuku kwapani.

“Mama,” alisema kwa heshima, “kumbe unajua kutengeneza mursik, maziwa yetu ya makaa. Sasa wewe ni mtu wa hapa kabisa.”

Akamkabidhi kuku, kisha akashusha sauti.

“Lakini siku nyingine yaache kwanza yachachuke. Haya ya leo nimeyanywa yakiwa bado mabichi.”