Jibu la Nelly Lililopotea Katikati

Kandida alikuwa ametoka Kiberege alfajiri, amekaa nyuma ya baiskeli ya shemeji yake, mwanawe Nelly mgongoni anawaka kama jiwe la mafiga. Dawa za malaria mtoto alishazimaliza, homa haikusikia. Daktari wa zahanati pale Ifakara akasema hawezi kumwanzishia dawa nyingine kabla hajaona jibu la damu.

Mwaka ule wa tisini na sita zahanati ilikuwa na kompyuta moja, na ndani yake programu mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja: ya maabara na ya daktari. Zenyewe hazikusikilizana. Venance, kijana wa kompyuta, ndiye aliyekuwa akikata jibu huku na kulibandika kule, kisha mashine inatoa karatasi ya daktari. Kukata kweli, kwa sababu kilichobaki upande wa maabara kilikuwa cha watu ambao majibu yao bado hayajapelekwa kwa daktari.

Kandida alichoka kusubiri kwenye benchi. Akaingia. Venance ndiyo kwanza amekata jibu la Nelly, lakini alipoona mama wa umri wa mama yake, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Za Kiberege? Mpunga je?"

"Umelala wote kwa mvua. Nimekuja kuulizia la huyu."

"La Nelly? Lipo mkononi hapa. Na mama yangu mdogo Evelina wa huko hajambo?"

Wakiwa bado kwenye habari za Evelina, Masalu mfugaji akachungulia mlangoni. "Kijana, nitolee na langu. Ng'ombe nimemwachia mtu wanayemdharau."

Venance akacheka, akaketi, akakata la Masalu, akalibandika, akahifadhi. Masalu akaondoka na karatasi yake. Kisha kijana akabandika la Nelly. Likatoka la Masalu. Akajaribu tena. Masalu.

"Mbona huyo mzee harudi kwa ng'ombe wake?" Kandida akauliza.

Venance hakucheka. "Mama, katikati ya hizi programu kuna mahali pa kushikilia. Panashika kitu kimoja tu. Nilipokata la Masalu, la Nelly likafutika."

"Likaenda wapi?"

"Halikwenda popote."

"Usinichezee. Kitu kitoke huku, kule kisifike, halafu kisiwe popote?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Na nimeshahifadhi, hairudi nyuma."

Kandida akaenda maabara. Digna, mpimaji, alikuwa ameshaviosha vioo vya damu vitumike tena. "Nimesoma vya asubuhi nzima, sikumbuki chake kilisemaje," akasema. "Siwezi kubahatisha damu ya mtoto."

Basi Nelly akachomwa kidole upya. Safari hii hakulia hata, alitazama tu, na hilo ndilo lililomtisha mama yake kuliko kelele. Kandida akarudi benchi na hasira asiyojua ampe nani. Kijana ana adabu. Mzee wa watu alikuwa na haraka. Mashine haina masikio.

Jua lilikuwa limeshageuka Digna alipopeleka jibu jipya. Kandida akamfuata, akasimama mlangoni. Venance akakata, akainua uso.

"Shika..."

Kandida akamnyooshea kiganja. "Bandika kwanza."

Digna akaguna. "Mama gani huyu, hata kuamkiwa hataki?"

Macho ya Kandida yalikuwa kwenye skrini, mpaka jina la Nelly likaonekana upande wa daktari, na karatasi ikaanza kutoka kwa mlio wake wa kukwaruza.

"Marahaba," akasema hapo, akaichomoa karatasi, akaenda kwa daktari mbiombio na mwanawe.

Nelly akaanzishwa dawa mchana uleule. Siku walizorudi kuchomwa sindano, Kandida aliketi karibu na mlango wa Venance, na kila mama aliyeinuka kwenda kuulizia, alimvuta kanga.

"Dada, ngoja. Yule kijana akiwa amekata, usimsalimie. Atasimama akuamkie, na jibu la mwanao litabaki katikati, mwingine alifute. Muulize ameshabandika? Akisema ndiyo, hapo salimianeni mpaka mchoke."

Wengine walimwona hana adabu. Kandida hakuziachia kanga zao.